Cajal, mchoraji wa seli za ubongo

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa Hispania mwaka 1852. Alitamani uchoraji, lakini baba yake, tabibu mkali, alimwelekeza kwenye udaktari. Mwaka 1887 alionyeshwa mjini Madrid mbinu ya Mwitaliano Camillo Golgi ya kuzitia seli za neva weusi kwa chumvi ya fedha. Wakati huo wanazuoni wengi, Golgi mwenyewe akiwamo, waliamini kuwa ubongo ni wavu mmoja usiokatika.

Cajal aliuweka kando ubongo uliokomaa, ambao nyuzi zake zimesongamana kama msitu, akachunguza viinitete vya kuku, ambamo nyuzi bado ni fupi na chache. Humo aliona kila seli ikijitegemea, na ncha ya uzi mchanga ikijitafutia njia. Katika retina ya jicho alifuatilia jinsi habari za mwanga zinavyopita seli hadi seli kuelekea ubongoni, akazichora seli hizo kwa mkono wake.

Mwaka 1906 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel. Golgi, pasipo kujali hafla, aliitumia hotuba yake kuipinga nadharia ya mwenzake.

Cajal alifariki Madrid mwaka 1934. Upenyo kati ya seli na seli ulionekana wazi kwa hadubini ya elektroni katika miaka ya 1950.