Filamu ya Salum Abdallah Itatoka Lini?

Wiki moja kabla ya mitihani, badala ya kusoma, tulijibana watu sita chumbani hosteli tukaangalia Vuta N'Kuvute kwenye laptopu moja. Sijutii. Ile filamu ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi na kufika hadi tamasha la Toronto mwaka 2021, imetengenezwa ikatengenezeka. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950: Yasmin anakimbia ndoa asiyoitaka, Denge yuko kwenye harakati za uhuru, Mwajuma na taarab yake. Kamera haina haraka. Mavazi, vichochoro, mwanga wa jioni, kila kitu kinapewa nafasi yake, na mapenzi yanakua polepole katikati ya hatari.

Ilipoisha nikatoka kukaa kwenye kimbweta, Uluguru mbele yangu, nikajiuliza: na sisi wa Moro je? Maana miaka hiyohiyo, chini ya milima hii, aliishi mtu ambaye maisha yake ni filamu tayari. Namsema Salum Abdallah.

Alizaliwa hapahapa Morogoro mwaka 1928. Alikua wakati sahani za santuri za GV zikisambaa Afrika, zimejaa muziki wa Kuba. Wengi waliusikia, wakacheza, wakaenda zao kulala. Yeye ulimkaa moyoni. Akaondoka nyumbani kijana mdogo na nia moja tu: afike Kuba kwenyewe, akajifunze muziki. Hebu fikiria, mtoto wa Moro, enzi za mkoloni, anaifuata rumba ng'ambo ya bahari! Akafika Mombasa. Safari ikaishia hapo. Akarudi.

Ningekuwa mtengeneza filamu, kamera ningeiweka hapo kwenye kurudi. Dansi na shangwe vingesubiri. Kurudi mikono mitupu si mchezo, jamani. Mwaka jana niliomba nafasi ya kusoma nje, nikatangaza hadi kwetu Matombo, halafu nikakosa. Miezi miwili sikupiga simu nyumbani kwa aibu. Kwa hiyo huyu mzee namwelewa.

Tofauti ni kwamba yeye hakukaa kununa. Mwaka 1948 akaanzisha bendi, akaipa jina la La Paloma. Baadaye ikawa Cuban Marimba Band, na ndilo jina lililomtangaza Afrika Mashariki yote. Kuba aliyoikosa akaijenga Morogoro. Midundo ilikuwa ya kule, lakini maneno yalikuwa Kiswahili chetu, akiimba mapenzi, akiimba na uhuru ulipokaribia. Wimbo wake mmojawapo unaitwa Ngoma Iko Huku. Kila nikilisikia jina hilo naiona Mombasa na yule kijana anayetazama meli zisizomchukua.

Mji nao ulikuwa na bendi nyingine, Morogoro Jazz, na ushindani wa hizo mbili uliufanya Moro ujulikane kwa dansi kuliko miji mingi mikubwa.

Halafu, Novemba 1965, ajali ya gari ikamchukua. Miaka 40 hakuifikisha. Cuban Marimba ikaendelea chini ya Juma Kilaza, na kule Morogoro Jazz akachipukia Mbaraka Mwinshehe, ambaye ndiye vijana wengi tunamkumbuka. Salum tukamwacha nyuma. Nimeuliza darasani kwetu, watu zaidi ya mia, waliomjua ni wanne.

Filamu kama Vuta N'Kuvute haitoki hewani. Lazima mtu akumbuke gauni lilishonwaje, taa zilikuwa za aina gani, watu walisalimianaje mlangoni. Wanaokumbuka dansi la Cuban Marimba sasa wana miaka themanini na kitu, na hawatusubiri tumalize digrii.

Bibi yangu yuko Mwembesongo. Bumu likitoka nanunua sukari, nachaji simu, naenda kumrekodi: walivaa nini, kiingilio kilikuwa shilingi ngapi, walirudi saa ngapi, na nani alimpeleka dansini. Hilo la mwisho najua atakataa kujibu, maana babu bado yupo.