Ammar bin Yasir (R.A.): Ulimi Uliolazimishwa, Moyo Uliotulia

Mimi nasoma sheria, na chumba nimepanga hapa Gitega, Kigali. Katika somo la jinai, kilichonikosesha usingizi ni utetezi wa kushurutishwa: aliyetenda kosa kwa kutishiwa kuuawa, je, ana hatia? Hapa kwetu hilo si swali la mtihani tu. Katika mahakama za gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, wengi walioshtakiwa kwa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994 walijitetea kwamba walilazimishwa. Nikitafuta jibu, nikarudi kwenye maisha ya Ammar bin Yasir (R.A.).

Baba yake, Yasir, alitoka Yemen akahamia Makka, akamuoa Sumayya, mjakazi wa ukoo wa Makhzum. Hawakuwa na ndugu wa kuwakinga. Waliposilimu, wakiwa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa, waliteswa kwenye jua kali. Sumayya alikataa kuiacha dini. Abu Jahli akamchoma mkuki, akawa shahidi wa kwanza katika Uislamu. Yasir naye alifariki kwa mateso.

Ammar hakuachiwa mpaka alipomtukana Mtume (S.A.W.) na kuyasifu masanamu. Akaenda kwa Mtume akilia, akidhani ameangamia. Mtume akamuuliza hali ya moyo wake, akajibu kuwa umetulia juu ya imani. Akaambiwa kwamba wakirudia kumtesa, naye arudie kusema. Wafasiri wengi wanasema aya ya 106 ya Suratun-Nahl, inayomtoa lawamani aliyelazimishwa, iliteremka kwa ajili yake.

Juu ya msingi huo wanavyuoni walijenga hukumu za ikraha: mtishaji awe na uwezo wa kutimiza tishio lake, tishio liwe zito na la karibu, na pasiwe na njia ya kukwepa. Lakini waliweka mpaka. Neno la Ammar halikumwaga damu ya mtu. Aliyeambiwa amuue asiye na hatia, la sivyo auawe yeye, haruhusiwi kuua, kwa sababu nafsi yake si bora kuliko ya mwenzake. Walichohitilafiana ni kisasi tu: kimwangukie aliyelazimisha, aliyelazimishwa, au wote wawili. Mwaka 1997, katika kesi ya Dražen Erdemović, majaji wa rufaa wa mahakama ya kimataifa ya Yugoslavia ya zamani waliamua, 3 dhidi ya 2, kwamba kushurutishwa hakumfutii askari hatia ya kuua watu wasio na hatia. Kunaweza kumpunguzia adhabu.

Ammar hakuishi kwa aibu ya siku ile. Alihamia Madina, akabeba matofali ya Msikiti wa Mtume, akapigana Badr, akakatwa sikio Yamama, na Umar (R.A.) akamfanya gavana wa Kufa. Aliuawa Siffin mwaka 37 Hijria (657), akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, upande wa Ali (R.A.).

Kila Aprili, tunapokaa na majirani kuwakumbuka waliouawa, namfikiria Sumayya pamoja na mwanawe. Siwezi kuapa kwamba ningestahimili alichostahimili mama yule. Kwa hiyo simcheki aliyetamka neno kwa hofu. Lakini anayetaka hofu yake ilipwe kwa uhai wa jirani, ruhusa aliyopewa Ammar haimhusu. Mwenyezi Mungu atulinde na mtihani huo, na ukitufika atupe moyo wa kuujua mpaka.