Tom Mboya: Bwana afya aliyeingia Oxford bila shahada

Wengi wanamkumbuka Tom Mboya kwa siasa na kwa risasi zilizomuua. Wachache wanajua kwamba hakuwahi kukaa chuoni akasomea digrii. Cheti chake cha kwanza cha kazi kilikuwa cha bwana afya.

Alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika. Asili ya familia yake ni kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, lakini babake, Leonardus Ndiege, alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge la mzungu. Mshahara wa nyapara haukuwa wa kusomesha watoto mpaka mwisho.

Karo yakosekana

Mboya alisoma shule za wamisheni: Kabaa, kisha Yala, halafu Mang'u. Kichwa kilikuwepo, pesa ndizo hazikuwepo. Akaacha sekondari kabla ya kufanya mtihani wa mwisho wa Cambridge, ambao ndio ulikuwa tiketi ya kwenda chuo kikuu.

Basi akatafuta njia nyingine. Mwaka 1948 alijiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya Nairobi. Kozi hiyo ilikuwa na faida moja kubwa kwa kijana wa maskini: ilimpa taaluma inayotambulika bila kumdai karo ya miaka mingi. Alifuzu 1950, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi.

Cheti sawa, mshahara tofauti

Kumbe kuwa na cheti hakukutosha. Bwana afya Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mzungu aliyefanya kazi hiyo hiyo. Kuna kisa ambacho Mboya alikisimulia baadaye: siku moja akiwa peke yake maabara, mwanamke mzungu aliingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akamtazama, kisha akauliza kama kuna mtu humo ndani.

Mboya akaanza kuwapanga wenzake. Chama cha wafanyakazi Waafrika wa jiji alikigeuza kuwa chama kamili cha kutetea haki. Kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, akiwa na miaka 23 tu. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku na Kenyatta yuko ndani, kwa hiyo vyama vya wafanyakazi vikawa mojawapo ya sauti chache zilizobaki.

Chuo cha watu wazima

Mwaka 1955 akapata ufadhili wa vyama vya wafanyakazi vya Uingereza kwenda Ruskin College, mjini Oxford. Chuo hicho kilianzishwa 1899 kwa ajili ya watu wazima waliotoka kazini, wale ambao hawakupata nafasi ya kumaliza shule. Hawakuangalia sana vyeti vya sekondari. Walichotaka ni mtu mwenye uzoefu na hamu ya kusoma.

Kwa mwaka mmoja hivi Mboya alisoma siasa, uchumi na mambo ya kazi. Akiwa huko aliandika kijitabu kuhusu Kenya, kilichochapishwa 1956. Aliporudi, aligombea kiti cha Nairobi katika uchaguzi wa Machi 1957, wa kwanza kwa Waafrika kuchagua wajumbe wao. Aliyemshinda ni Argwings-Kodhek, wakili wa kwanza Mwafrika nchini Kenya. Bwana afya akambwaga mwanasheria.

Ndege ya wanafunzi

Hapo ndipo alipowageukia waliokwama kama yeye. Nafasi za chuo kikuu Afrika Mashariki zilikuwa chache mno, na Kenya ilikaribia uhuru bila wataalamu wa kutosha. Akizunguka Marekani, Mboya aliviomba vyuo vitoe nafasi, kisha akachangisha nauli. Septemba 1959, ndege iliyobeba wanafunzi 81 ilitua New York.

Mwaka uliofuata, wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Kufikia 1963, karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki walikuwa wamepita njia hiyo. Mmoja wa waliokwenda 1960 ni Wangari Maathai, ambaye baadaye alishinda Tuzo ya Nobel. Mboya mwenyewe alitunukiwa shahada ya heshima na Chuo Kikuu cha Howard, 1959.

Baada ya uhuru aliwahi kuwa waziri wa sheria, kisha wa mipango ya uchumi. Julai 5, 1969 alipigwa risasi akitoka duka la dawa katika barabara ambayo leo inaitwa Moi Avenue, Nairobi. Alikuwa na miaka 38. Amezikwa Rusinga.