Maisha ya Gregor Mendel

Wazee wetu husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Lakini ni nani aliyetuonyesha kwa hesabu jinsi mtoto anavyorithi wazazi na mababu zake? Ni Gregor Mendel, na hapa napenda kuwaeleza wasomaji maisha yake kwa kifupi.

Alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, ambacho leo kimo katika nchi ya Ucheki. Baba yake alikuwa mkulima, na fedha za masomo zilipatikana kwa taabu. Mdogo wake wa kike, Theresia, alitoa sehemu ya mali aliyowekewa kwa ajili ya ndoa yake ili kaka yake asome. Mwaka 1843 Mendel akaingia utawani mjini Brno. Mara mbili alijaribu mtihani wa cheti cha ualimu, asifaulu. Hata hivyo hakukata tamaa.

Tangu 1856 hadi 1863 alipanda njegere bustanini, mimea ipatayo 28,000. Alipochanganya njegere za mviringo na zenye makunyanzi, kizazi cha kwanza chote kilikuwa cha mviringo. Katika kizazi cha pili zikatokea mbegu 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi, yaani karibu tatu kwa moja. Basi akatambua kwamba sifa huweza kujificha kwa wazazi, kisha ikatokea kwa watoto wao.

Habari hii inanigusa sana. Baba na mama yangu ni weusi, lakini mdogo wangu alizaliwa na ualbino. Majirani walimlaumu mama. Wengine walinong'ona kuwa ni laana. Darasani ndipo nilipoelewa kwamba wazazi wote wawili walibeba urithi huo bila kujua, na kwa kila mtoto wao bahati ni moja katika nne. Likizo iliyopita nilimchorea baba hesabu hiyo. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia nikamwonyeshe na bibi.

Mendel alitangaza kazi yake mwaka 1865, lakini wataalamu hawakuitilia maanani. Wema wa Theresia hakuusahau, kwani aliwasaidia wanawe kusoma. Alifariki mwaka 1884, na mwaka 1900 ndipo wataalamu wengine walipoithibitisha kazi yake.

Ndugu wasomaji, tumwonapo mtoto asiyefanana na wazazi wake, tusiharakishe kumlaumu mama. Tukumbuke njegere za Mendel.