Hemingway: Bingwa wa mshipi aliyekataa kukaa benchi

PEMBA. Ukitoka Uwanja wa Gombani jioni mechi ikiisha, ukashuka mpaka bandari ya Wesha, utawakuta wavuvi wanatayarisha ndoana na chubwi za usiku. Mbele yao upande wa magharibi ni Mkondo wa Pemba, maji ya kina kirefu yenye upana wa takriban kilomita 50 kati ya kisiwa hiki na bara.

Ng'ambo ya mkondo huo, kaskazini magharibi, iko Shimoni, Kenya. Hapo ndipo Februari 1954 alipofika Mmarekani mmoja aliyekuwa na sifa kubwa duniani, kwa kalamu na kwa uvuvi wa samaki wakubwa. Boti zipo, samaki wapo, ila yeye mwili umekataa. Muda mwingi alibaki nchi kavu huku wenzake wakienda baharini.

Jamaa huyo ni Ernest Hemingway. Wadau wa soka, msigeuze ukurasa. Stori yake ni ile ile ya nyota tunayemlazimisha acheze na nyama zimechanika.

ALIANZA NA BABA

Hemingway alizaliwa Julai 21, 1899, Oak Park, karibu na Chicago. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari na mpenzi mkubwa wa uvuvi. Kila kiangazi familia ilihamia Ziwa Walloon, Michigan, na mtoto alianza kushika fimbo ya kuvulia akiwa na umri wa miaka mitatu hivi.

Rili za mtoni za enzi hizo hazikuwa na mambo mengi. Ni kigurudumu kinachozunguka kwenye pini ya katikati. Ukizungusha mkono mara moja, nacho kinazunguka mara moja. Breki kubwa ni kidole chako. Ukirusha chambo na kukiachia kigurudumu kupita kiasi, kinaendelea kuzunguka wakati chambo kimeshatua, na mshipi unakuwa fundo tupu. Ukikibana sana, chambo kinaanguka miguuni kwako. Samaki akishika ni hesabu hiyo hiyo: akikimbia unampa mshipi, akichoka unauchukua.

Wavuvi wa mshipi wa mkono hapa Pemba hawahitaji rili kulielewa hilo. Niliomba kujaribu pale Wesha, na mzee mmoja akanicheka jinsi nilivyoukaza mshipi mpaka ukanikata kidole. Akaniambia mwanangu, samaki havutwi kama ng'ombe. Kumbe kazi kubwa ni kujua lini uachie.

KUTOKA MTONI HADI BAHARINI

Julai 1918, akiwa bado hajatimiza miaka 19, Hemingway alijeruhiwa vibaya Italia alipokuwa akihudumu na Msalaba Mwekundu katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Akapona, akawa mwandishi, na mwaka 1928 akahamia Key West, Florida. Huko ndiko bahari ilipomteka.

Kuanzia 1932 alikwenda Cuba kuwinda sulisuli, na msimu wa 1933 pekee alikamata zaidi ya 50. Rili za baharini zilikuwa kubwa na zenye breki za kukaza, lakini somo la Michigan halikubadilika: mkono lazima usikie samaki anataka nini.

Desemba 1933 alishuka Mombasa na mkewe wa pili, Pauline, kwa safari ya uwindaji. Januari akiwa Tanganyika alishikwa na ugonjwa wa kuhara damu, akapelekwa Nairobi kwa ndege. Hakumaliza hata mapumziko ya maana, akarudi porini. Uwindaji ulipoisha akaenda kuvua Malindi.

Aliporudi Marekani alinunua boti yake mwenyewe, Pilar. Aprili 1935, wakiwa njiani kwenda Bimini, walimnasa papa. Hemingway akatoa bastola ammalize, risasi ikagonga ukingo wa boti na vipande vikamwingia miguuni. Alirudi nyumbani kutibiwa, na baada ya wiki moja hivi akaondoka tena.

Huko Bimini tatizo lilikuwa papa kuwatafuna jodari kabla hawajafika botini. Yeye akaja na mbinu ambayo leo tungeiita presha ya juu: usimpe samaki nafasi ya kupumua, mvute kwa nguvu tangu mwanzo. Ikafanya kazi, akatoa jodari mkubwa akiwa mzima. Tatizo ni kwamba mwili wake mwenyewe aliuendesha hivyo hivyo.

AJALI MBILI NDANI YA SIKU MBILI

Mwaka 1952 alitoa riwaya fupi ya mzee wa Cuba anayepambana na sulisuli kwa mshipi wa mkono, kama wanavyovua wazee wetu hapa. Mwaka uliofuata akarudi Afrika Mashariki na mkewe wa nne, Mary.

Januari 23, 1954, ndege ndogo waliyopanda iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, ikaanguka. Kesho yake wakapanda nyingine pale Butiaba, nayo ikashika moto ikijaribu kuruka. Hemingway aliusukuma mlango kwa kichwa mpaka ukafunguka. Magazeti yalishatangaza kuwa amekufa, na alizisoma taarifa za kifo chake mwenyewe.

Alikuwa na ufa kwenye fuvu, ini na figo vimeumia, uti wa mgongo umepata hitilafu, bega limeteguka. Mchezaji wa hivyo hata jukwaani humpeleki. Yeye akaenda Shimoni, kwa sababu safari ya uvuvi ilikuwa imeshapangwa.

Moto wa nyika ukawaka karibu na kambi. Badala ya kuwaachia wazima kazi hiyo, akaenda kusaidia kuuzima. Akajikwaa, akaangukia ndani ya moto. Akaungua miguu, kifua, midomo na mikono.

Oktoba mwaka huo alipewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Hakuweza kwenda Stockholm, balozi wa Marekani akampokelea. Maumivu hayakumwacha tena, na miaka ya mwisho ugonjwa wa akili ulimlemea. Julai 2, 1961, alijiua kwa bunduki nyumbani kwake Ketchum, Idaho, wiki tatu kabla ya kutimiza miaka 62.

Moto wa Shimoni si sababu pekee ya yote hayo. Ila tangu utotoni mikono yake ilijua lini uachie mshipi usikatike, na kwa mwili wake hakuachia hata mara moja.

Kwa hiyo mechi ijayo pale Gombani, mchezaji akishika paja na kuomba kutoka, tusimzomee. Wala kocha asimwambie avumilie dakika kumi. Amesikia mshipi umekaza, mwacheni akae benchi.