Askofu Edward Steere na Watoto wa Majahazi

Wengi wetu twamjua Askofu Steere kwa kazi yake ya lugha. Waalimu wetu wamesoma kwamba alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, na kwamba Agano Jipya lote katika Kiswahili lilikamilishwa naye mwaka 1879. Hayo ni kweli, wala hatuyapunguzi. Lakini katika kitabu hiki cha jubili tumependa kusimulia upande mwingine wa maisha yake, ambao hausimuliwi sana, yaani jinsi alivyowatendea watoto waliodhulumiwa, na jamaa zilizovunjwa, katika siku zile za utumwa.

Alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, naye mwenyewe akaisomea sheria hata akapata daraja ya udaktari mwaka 1850. Angaliweza kukaa raha mustarehe na kazi ile. Aliiacha, akawa padre, na mwisho akapewa parokia ndogo ya mashamba, Little Steeping, katika jimbo la Lincolnshire. Alikuwa huko rafiki yake William Tozer alipofanywa Askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Steere akakubali kumsindikiza Afrika kwa muda mfupi tu. Muda ule mfupi ukawa maisha yake yote.

Walikwenda kwanza nchi ya mto Zambezi, wakashindwa. Mwaka 1864, mwezi wa Agosti, wakafika Unguja. Mjini lilikuwako soko la wazi la watu, na watumwa wengi waliouzwa pale walitoka pande za Nyasa na Ruvuma, mwendo wa majuma mengi hata pwani, kisha majahazini, wamesongamana kama mizigo. Katika majahazi yale watoto walikuwa wengi. Mtoto hupelekeka kwa urahisi, husahau njia upesi, na hana nguvu za kutoroka. Ndiyo sababu walitafutwa.

Haukupita muda mrefu, Sultani Majid akampa Askofu Tozer wavulana watano waliotwaliwa katika jahazi. Yafaa tukae kidogo juu ya jambo hili. Watoto wale walikuwa wameibwa, wakanunuliwa, wakakamatwa baharini, na sasa walitolewa na mtu mmoja kumpa mtu mwingine, kama mtu atoavyo zawadi. Hapana aliyewauliza neno. Tena wafanya biashara walikuwa na desturi ya kuwaambia watumwa kwamba Wazungu hula watu. Basi tusidhani kwamba siku ile watoto walifurahi. Kwao hiyo ilikuwa nyumba nyingine ya mageni, na pengine ya mwisho.

Hapo ndipo hekima ya Steere ilipoonekana. Hakuanza kwa kuwahubiri. Alianza kwa kuwauliza maneno. Yeye, daktari wa sheria, aliketi na wavulana wasiojua kusoma, nao wakamfundisha majina ya vitu, na kila neno akaliandika. Wengi huhesabu kazi hiyo kuwa ni elimu ya lugha tu. Sisi twaona zaidi. Mtoto aliyekuwa amenyamazishwa njia nzima alipata mtu mzima wa kumsikiliza, tena wa kuhitaji msaada wake. Watoto wengine walipokuja, wenye lugha zao za bara, aliziandika hizo pia. Kitabu chake cha maneno ya Kiyao kilitoka mwaka 1871, na cha Kimakonde mwaka 1876. Hakutaka wasahau lugha ya mama zao.

Wavulana walipata makao Kiungani, nje ya mji. Walivaa kanzu na kofia kama watu wa nchi, wakafundishwa kusoma na kuhesabu, na baadhi yao kupanga herufi za chapa, kazi ambayo Steere mwenyewe aliijua. Wasichana wa kwanza walikuja mwaka 1865, wakatunzwa na Helen Tozer, dada yake Askofu. Walipobatizwa walipewa majina ya Kiingereza, John na George na Robert. Kwa maoni yetu si lazima jambo hilo lisifiwe. Twashukuru hata hivyo kwamba majina waliyokuja nayo hayakutupwa, bali yalifuatana na yale mapya, hata leo twasoma habari za John Swedi na Robert Feruzi.

Mwaka 1868 Steere alirudi Uingereza. Mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja, ikaangusha nyumba na minazi, na kazi ya Misheni ikawa karibu kuvunjika. Tozer alikuwa mgonjwa. Steere akarudi, akaushika usukani, na mwaka 1874 akafanywa Askofu mahali pake.

Kabla ya hapo, tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alikuwa ametia sahihi mapatano ya kukataza biashara ya watumwa baharini, na soko likafungwa. Kanisa kuu likaanza kujengwa palepale sokoni, jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka uleule. Habari hii yajulikana na kila mtu. Lisilojulikana sana ni taabu iliyofuata. Manowari za Kiingereza zilizidi kukamata majahazi, na Balozi alizidi kuwaleta watu, wakubwa kwa wadogo, wakiwa wadhaifu na wagonjwa, na wengi hawana hata ndugu mmoja waliyemjua. Sheria iliweza kumwambia mtu kwamba yu huru. Haikuweza kumpa mama, wala mume, wala jirani, wala shamba. Naye Steere, kwa kuwa alikuwa mwanasheria, aliujua vema mpaka wa sheria.

Shamba la Mbweni, upande wa kusini wa mji, lilikuwa limenunuliwa mwaka 1871. Huko Steere alikusudia kupafanya mji wa watu. Wasichana walikuwa na nyumba yao na shule yao. Watu wazima walipewa vibanda na vipande vya ardhi, na kazi ya ujira. Walioana, wakazaa, na watoto wao wakaingia shuleni pamoja na watoto wa majahazi, hata mgeni asingaliweza kuwapambanua. Mwaka 1877 alikuja Caroline Thackeray kuiongoza shule ya wasichana. Aliiongoza kwa miaka 25, na baada ya kustaafu hakurudi kwao. Alikaa Mbweni mpaka alipokufa mwaka 1926. Kwa watoto waliozoea kuachwa na kila mtu, mlezi asiyeondoka ni kitu kikubwa.

Hatusemi kwamba Mbweni palikuwa peponi. Watu wa makabila mengi waliwekwa pamoja bila ya kuchaguana, amri zilikuwa nyingi, na waliotoa amri walikuwa wageni. Steere aliyaona hayo, ndiyo maana hakutaka wote wakae Unguja daima. Mwezi wa Oktoba 1876 aliondoka na watu wapatao 50 wa Mbweni, wanaume kwa wanawake, akaenda nao kwa miguu kutoka Lindi, ili wakaribie nchi walikotolewa. Walipofika Masasi, wakaona maji na udongo mzuri. Nao wakaomba kukaa hapo. Akawakubalia. Watu waliopelekwa pwani wamefungwa minyororo walirudi bara kwa njia ya miguu yao wenyewe, na mahali pa kukaa walipachagua wao.

Mwaka 1879 Askofu Steere alimwekea mikono John Swedi, akawa shemasi. Alikuwa mmojawapo wa wale watano waliotolewa kama zawadi.

Askofu alikufa Unguja siku ya Jumapili, tarehe 27 Agosti 1882, siku chache tu tangu kurudi safarini Uingereza. Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga sokoni. Mwezi wa Septemba, kabla majuma matatu hayajatimia, Magwangwara waliiangukia Masasi, wakachoma nyumba, wakaua, wakachukua mateka. Kati ya mateka hao walikuwamo watu waliokwisha kuwa watumwa mara moja. Padre Chauncy Maples na wenzake walifanya kazi ya kuwakomboa, na wengi wakarudishwa, lakini mji ule wa kwanza uliachwa kwa muda, na watu wengi wakahamia Newala.

Wako walioona wakati ule kwamba kazi yote imepotea. Lakini huko Mbweni alikuwako Cecil Majaliwa, naye aliyeokolewa utumwani alipokuwa mtoto. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akaondoka na mkewe Lucy, aliyekuwa mwalimu wa Mbweni, wakaenda kukaa Chitangali kati ya Wayao, si mbali na mahali palipochomwa. Mwaka 1890 akawa padre, wa kwanza katika Misheni ile kutoka miongoni mwa Waafrika.