Ambroise Paré, kinyozi aliyebadilisha matibabu ya waliojeruhiwa vitani

Katika makusanyiko yetu mengi kuna ndugu wanaotembea na mkongojo, na mama waliopoteza mkono kwa risasi au bomu. Leo tunaeleza maisha ya mtu aliyewahangaikia watu kama hao zaidi ya miaka 400 iliyopita, kule Ufaransa. Jina lake ni Ambroise Paré.

Paré alizaliwa karibu na mwaka 1510, kando ya mji wa Laval, magharibi ya Ufaransa. Jamaa yake haikuwa ya watu wakubwa, wala hakusoma Kilatini, lugha ya waganga wenye elimu wa wakati ule. Alijifunza kazi ya kinyozi. Siku zile vinyozi ndio waliopasua majipu na kufunga vidonda, maana waganga wa chuo kikuu waliona kazi ya kushika kisu na damu ni ya watu wa chini. Akiwa kijana alienda Paris, akatumika karibu miaka 3 katika hospitali kubwa ya maskini iitwayo Hôtel-Dieu. Huko aliona magonjwa na vifo vya kila namna, na mikono yake ikazoea kazi.

Kisha akafuata jeshi la mfalme François wa Kwanza, lililopigana na jeshi la Kaisari Charles wa Tano kule Piemonte, Italia. Ilikuwa karibu na mwaka 1537. Bunduki zilikuwa silaha mpya, na vidonda vyake viliwashinda waganga. Vitabu vikubwa vilifundisha kwamba baruti huacha sumu ndani ya nyama, kwa hiyo ni lazima kumwaga mafuta yanayochemka ndani ya kidonda. Kijana Paré alifuata mafundisho hayo kama wengine, ingawa aliona maumivu yake.

Siku moja, karibu na Turin, majeruhi walikuwa wengi na mafuta yakaisha. Paré akachanganya kiini cha yai, mafuta ya waridi na tapentaini, akapaka dawa hiyo isiyo ya moto juu ya vidonda vya wale waliobaki. Usiku ule hakupata usingizi mzuri. Aliogopa kwamba asubuhi atawakuta wamekufa kwa sumu. Akaamka mapema sana, akaenda kuwaangalia. Wale aliowapaka dawa baridi walikuwa wamelala, maumivu yao ni kidogo, vidonda havikuvimba. Lakini wale waliomwagiwa mafuta ya moto walikuwa na homa, wamevimba na kulia kwa uchungu.

Hapo Paré aliamua kwamba hatawachoma tena maskini waliopigwa risasi. Angeweza kusema ni bahati tu, akarudi kwenye mafundisho ya vitabu. Yeye aliamini kile alichokiona kitandani pa mgonjwa. Mwaka 1545 akatoa kitabu juu ya vidonda vya bunduki, akakiandika kwa Kifaransa ili vinyozi wenzake wasiojua Kilatini waweze kukisoma.

Taabu nyingine kubwa ilikuwa kukata mguu au mkono uliovunjwavunjwa na risasi. Dawa ya usingizi haikuwepo. Baada ya kukata, damu ilizuiwa kwa chuma chenye moto, kilichobandikwa juu ya nyama mbichi. Wengi walikufa kwa mshituko, au damu ilianza tena kutoka pale kovu la moto lilipobanduka. Mwaka 1552, kwenye vita vya Damvillers, Paré alikata mguu wa mtu mmoja wa bwana de Rohan aliyepigwa na mzinga. Hakutumia moto. Alifunga kitambaa kwa nguvu juu ya mahali pa kukatia, kisha akashika kila mshipa wa damu kwa koleo ndogo na kuufunga kwa uzi. Mtu yule akapona.

Kufunga mishipa kwa uzi hakukuwa jambo jipya kabisa, maana waganga wa zamani sana waliandika juu yake kwa vidonda vingine. Paré ndiye aliyeuingiza katika kazi ya kukata viungo na kuufundisha wazi. Waganga wengi walikawia kumfuata, na wengine walimpinga vikali. Hata hivyo, leo kila anayepasua mgonjwa hufunga mishipa ya damu.

Si ufundi tu uliomfanya apendwe na askari. Safarini alikuta mtu mmoja mwenye majeraha 12 ya upanga, ambaye wenzake walikwisha mchimbia kaburi. Paré akaomba aachiwe, akambeba katika gari la jeshi. Akawa kwake mganga, mfungaji wa vidonda, mtengenezaji wa dawa na mpishi, mpaka akapona. Askari wa kikosi kile wakamchangia pesa kwa shukrani. Alipoulizwa juu ya kazi yake, alizoea kujibu kwamba yeye alifunga kidonda tu, na Mungu ndiye aliyeponya.

Mwaka 1561 ikawa zamu yake. Farasi alimpiga teke, mifupa yote miwili ya mguu wake wa kushoto ikavunjika na kutoboa ngozi. Mara nyingi jeraha la namna hiyo liliishia kwa kukatwa mguu au kwa kifo. Yeye alikubali kunyoshwa mfupa na kutunzwa kama alivyowatunza wengine, akavumilia homa na siku nyingi za kulala, na akatembea tena.

Paré alijua pia kwamba kazi haiishi kidonda kinapofunga. Aliandika kwamba mtu aliyekatwa mguu huendelea kusikia maumivu katika mguu usiokuwepo, naye hakumwita mwongo. Alishirikiana na fundi wa makufuli, wakapanga mikono ya chuma yenye vidole vinavyokunjika, na miguu yenye goti linaloweza kufungwa na kufunguliwa. Vifaa hivyo vilikuwa vya bei kali. Kwa hiyo katika kitabu chake aliweka pia picha ya mguu wa mti, rahisi, kwa ajili ya maskini.

Alitumikia wafalme 4, kuanzia Henri wa Pili hadi Henri wa Tatu, wakati Wakatoliki na Waprotestanti wa Ufaransa walipouana. Tarehe 22 Agosti 1572, Gaspard de Coligny, kiongozi wa Waprotestanti, alipigwa risasi Paris. Paré ndiye aliyemkata kidole kilichoharibika na kumtibu mkono mwingine. Siku 2 baadaye Coligny aliuawa katika mauaji ya Mtakatifu Bartolomayo. Wengi wamesema kwamba Paré mwenyewe alikuwa Mprotestanti na kwamba mfalme alimficha. Wanahistoria hawapatani juu ya hilo, maana alizikwa katika kanisa la Kikatoliki. Lililo wazi ni kwamba aliwatibu watu wa pande zote.

Mwaka 1590 mji wa Paris ulizingirwa, watu wakafa njaa. Paré, mzee wa karibu miaka 80, alikutana njiani na askofu mkuu wa Lyon, mmoja wa wakubwa wa upande uliokataa mapatano. Mbele ya watu akamsihi atafute amani, kwa ajili ya maskini waliokuwa wakifa. Alikufa tarehe 20 Desemba mwaka uleule.

Mzee huyo alikuwa amefunga vidonda vya vita kwa miaka mingi, na alijua kwamba uzi na koleo havitoshi. Sisi tulio na majeruhi kati yetu tunaweza kushika mambo mawili kwake: kumtunza aliyepoteza kiungo hata baada ya kidonda kupona, ili asiachwe nyuma, na kusema wazi, mbele ya wakubwa, kwamba vita iishe.